Vijiti Nilivyovichonga Upya

Zuwena mwanangu,

Salamu tutapeana kesho stesheni, kwa hiyo hapa naziruka. Mambo ya chandarua, ya kupiga simu ukifika, ya kutomwamini kila anayekuita dada, mama yako ameshakuambia tangu Jumatatu, na leo asubuhi nimemsikia akianza upya. Huko sina la kuongeza. Nakuandikia mchana huu wa Ijumaa kwa kuwa umekwenda Mbagala kumuaga shangazi yako na nyumba imetulia, na kwa kuwa kuna jambo nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara tatu wiki hii, kila mara nikaishia kukuuliza kama umeshapanga begi.

Juzi uliniuliza, "Baba, mkuu wa jiko wa hoteli ninayokwenda kufanya kazi anataka kujua tuagize vijiti vya mishkaki vya mianzi au vyuma. Nimjibu nini?" Nikakuambia nitakuandikia. Ukacheka, ukadhani natania. Sikuwa natania. Jibu ni hili, na limekuwa refu kwa sababu sehemu kubwa yake haihusu hoteli.

Nianze na lile uliloliuliza.

Agizeni vyote viwili, lakini kila kimoja kwa kazi yake. Chuma ni cha mteja aliyekaa mezani. Chukua chuma bapa, kipana kama ukucha wa kidole kidogo, usichukue cha mviringo. Kwenye chuma cha mviringo nyama inazunguka kivyake. Wewe unageuza mkono, nyama imekaa palepale, upande mmoja unaungua na mwingine mbichi. Kababu ya nyama ya kusaga ndiyo kabisa, bila chuma bapa itakudondokea kwenye mkaa na utabaki unaitazama. Chuma kinapika nyama kwa ndani pia, kwa hiyo usisubiri kama unavyosubiri kwenye mwanzi. Na usimpe mteja chuma cha moto ang'ate. Ishushe nyama kwenye sahani mwenyewe, kwa kipande cha chapati, ndipo umpelekee.

Mtu akikuletea spoku za baiskeli, akakuambia wakongwe wote walitumia hizo, mwambie ni kweli, na mimi nilizitumia. Lakini spoku imepakwa kitu cha kuifanya ing'ae, na kitu hicho kikipata moto mkali kinatoa harufu ambayo si ya nyama. Waya wa fensi ni hivyohivyo. Kitu ambacho hujui kimepakwa nini, usikichome ndani ya chakula cha mtu.

Mwanzi ni wa mteja anayekula amesimama. Uloweke kwenye maji tangu adhuhuri kama unachoma jioni. Kabla ya kuuloweka, pitisha kitambaa kikavu kutoka ncha mpaka mwisho. Kitambaa kikinasa, kijiti hicho kina nyuzi, kiweke pembeni. Kikunje kidogo, kikilia, kitupe. Nyama usiibananishe, iache ipumue. Kati ya vipande vya steki weka kipande cha nundu, mafuta yake yatavilainisha vile vikavu. Na ncha isitokeze nje ya kipande cha mwisho, wala isiishie katikati yake bila wewe kujua imeishia wapi. Hiyo ya mwisho ishike kuliko zote.

Na kijiti cha mwanzi kikishatumika mara moja, kimekufa.

Hapa ndipo nilipokuwa nakwama kila nilipotaka kukuambia. Tangu utoto wako umeniona nikipokea kijiti kutoka kwa mteja, nakivunja vipande viwili mbele yake, naingiza kwenye mkaa. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiniiga kwa vijiti vya ufagio. Ukiniuliza kwa nini, nakuambia ni mazoea. Hayakuwa mazoea, Zuwena. Nilianza kuvunja vijiti ulipokuwa na miaka kumi, na nilianza kwa sababu kabla ya hapo sikuwa nikivivunja.

Babu yako, unajua, alikuwa mchonga vinyago. Alitoka Newala na patasi zake kwenye mfuko wa kaki, akachonga mpaka macho yakamwisha. Mimi sikupata mkono wake, nilipata kisu chake tu, na kitu kimoja alichonifundisha: namna ya kuchonga kigingi. Alikuwa anakata ncha kwa mikato mitatu, kila mkato unakutana na mwenzake, ncha inatoka na pembe tatu kama mbegu fulani ya porini. Alisema ncha ya duara inatafuta njia, ya pembe tatu inajitengenezea njia. Nilikuwa naipenda ile ncha. Nilikuwa naichonga hata kwenye penseli zako.

Mwaka ule ulikuwa na miaka tisa. Jiko langu lilikuwa palepale unapopajua, Temeke, mbele ya kibanda umiza cha kuonyeshea mpira, na siku za mechi watu walikuwa wanasimama mpaka barabarani. Mara vijiti vikaadimika Tandika. Ukifika dukani unaambiwa njoo kesho, kesho unaambiwa mzigo uko bandarini. Jumamosi moja nikajikuta nina ndoo mbili za nyama na vijiti vya ndoo moja. Nikaangalia chini. Vilikuwa vimelala pale, mamia, vimeungua kidogo kwenye ncha, vingine vizima kabisa. Nikaviokota, nikavichemsha kwa sabuni, nikavianika juu ya bati. Ile sehemu iliyoungua nikaikata, nikachonga ncha mpya kwa kisu cha babu yako. Mikato mitatu. Vilipendeza kuliko vipya, na nilimwonyesha mama yako kwa fahari.

Mama yako alishika kimoja, akakinusa. Akasema, "Baba Zuwena, kitu kilichotoka mdomoni mwa mtu hakirudi mdomoni mwa mwenzake." Nikamjibu kwamba maji ya moto yanaua kila kitu, kwani vijiko vya hotelini vinatupwa? Akakirudisha juu ya bati. Nilidhani nimemshinda kwa hoja.

Ile ilikuwa dharura ya Jumamosi moja. Vijiti vilipopatikana tena dukani, mimi nikaendelea kuokota. Nisikufiche, sikuwa na shida wakati ule. Nilikuwa nimezoea tu, na nilijiona mjanja. Nilichokuwa sikijui, au nilichokuwa sitaki kukijua ingawa ni mtoto wa mchongaji, ni kwamba mwanzi ulioungua, ukachemshwa, ukakaushwa juani, ukaungua tena, unakufa kutoka ndani. Nje unauona mzima. Ndani umekuwa kama biskuti.

Mwalimu Kitwana unamkumbuka. Alikufundisha hesabu darasa la pili na la tatu, yule mrefu aliyekuwa akiinama ili kuongea na nyie watoto. Kila Jumamosi alikuja jikoni kwangu kabla ya mechi, mishkaki mitano, pilipili nyingi, anakula amesimama huku anabishana na kila mtu kuhusu mpira. Mwezi ule akaanza kulalamikia tumbo. Akanywa dawa za vidonda vya tumbo, akanywa dawa za mizizi, akakonda. Mtaani wakaanza kusema kuna mtu anataka nafasi yake ya ualimu mkuu. Mimi mwenyewe nilikwenda kumjulia hali na mfuko wa machungwa, nikakaa kitandani kwake, nikamwambia awe mwangalifu na watu.

Siku moja homa ikampanda, wakamkimbiza hospitali, wakampasua. Utumbo ulikuwa umetobolewa. Ndani walikuta kipande cha kijiti, urefu wake kama pingili ya kidole.

Alipona, nikuambie mapema usije ukashikwa na wasiwasi unaposoma. Lakini alilala hospitali wiki nyingi, na siku nne za mwanzo hakuna aliyejua kama ataamka.

Mkewe, Bi Rukia, alipewa kile kipande kwenye kichupa kidogo. Jumapili moja mchana akaja nacho nyumbani. Mama yako alikuwa uani anakata vitunguu vya kachumbari. Mimi nilikuwa nakatakata nyama. Bi Rukia hakuja kulaumu. Alikaa kwenye kigoda, akafungua kitambaa, akanipa kichupa mkononi.

"Shemeji," akasema, "wewe ndiye unayejua vijiti. Niambie hiki ni cha namna gani, nijue mume wangu alikula wapi."

Nilikigeuza kichupa kwenye mwanga. Ncha ilikuwa imelowa na kuwa nyeusi, lakini mikato ilionekana. Mitatu. Pembe tatu zimekutana sawasawa. Zuwena, hakuna mtu mwingine Temeke nzima aliyekuwa akichonga hivyo. Niliuona mkono wa baba yangu mle ndani ya chupa.

Nikamrudishia. Nikasema, "Hiki kimechongwa kwa kisu, shemeji. Vyangu vinatoka dukani, vimekatwa kwa mashine. Anayechonga mwenyewe hapa kwetu ni Chande."

Chande humjui. Alikuwa kijana wa Lindi, amekuja mjini na mama yake, amefungua jiko upande wa pili wa barabara mwaka uleule. Alikuwa anachoma vizuri. Mianzi alikuwa akiipasua mwenyewe na kuichonga, anailainisha kwa msasa mpaka inateleza mkononi kama sabuni. Vijiti vyake vilikuwa safi kuliko vyote, na nililijua hilo nilipofungua mdomo. Sikumtaja kwa chuki. Nilimtaja kwa kuwa jina lake lilikuwa karibu na lilifaa. Nimefikiri sana juu ya hili tangu hapo. Ningekuwa namchukia, pengine ningejizuia, maana mtu anajua kuiogopa chuki yake. Woga wangu sikuuogopa hata kidogo.

Bi Rukia akashukuru, akaondoka. Mama yako alikuwa amesimama na sinia la vitunguu. Akaingia ndani, akatoka na kile kibati nilichokuwa nahifadhia vijiti vilivyochongwa, akakiweka mbele yangu. Akarudi kwenye kachumbari.

Siku mbili baadaye hakuna aliyekuwa anasimama kwa Chande. Siku ya tatu vijana walipindua jiko lake, mkaa ukatawanyika barabarani, na mmoja akampiga. Mimi nilikuwa ng'ambo, napepea. Nilipepea kwa bidii kweli. Jioni ile alikuja kwangu nyumbani, shati limechanika begani, akanisalimia shikamoo kama kawaida yake. Nikamwitikia marahaba.

"Kaka Hamisi, wewe ndiye mkubwa wetu hapa," akasema. "Wewe unavijua vijiti vyangu. Waambie."

Nikampa chai. Nikamwambia atulie, watu watasahau. Alikunywa ile chai yote, mwanangu, akaniambia ahsante. Kesho yake yeye na mama yake walikuwa wamehama.

Niliishi na hilo siku nane. Nisikudanganye kwamba sikulala; nililala vizuri tu, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Mchana nilikuwa nachoma na kuongea na wateja. Nilishaanza kuamini kwamba labda kweli kilikuwa cha Chande, labda na yeye siku moja alichonga pembe tatu. Akili ya mtu inaweza kukutengenezea chochote ukiipa siku nane. Kilichonizuia nisivuke kabisa ni sahani. Mama yako alinipakulia kila siku, akaniwekea maji ya kunawa, halafu akaenda kula na wewe jikoni. Siku zote tulikula sinia moja. Siku nane nilikula peke yangu na hukuuliza, nadhani ulifikiri nimechelewa kurudi.

Siku ya nane tukasikia Mwalimu ameruhusiwa. Mama yako akasema, "Mie kesho nakwenda kumpa pole. Sitaweza kuingia pale na hiki kitu kifuani."

Nikamwambia, "Nitakwenda mimi kwanza."

Nilimkuta Mwalimu amekaa barazani na shuka miguuni, amebaki macho tu. Bi Rukia alikuwa anamnywesha uji. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, ya vijiti kuadimika, ya maji ya moto, ya kutojua. Nilipomwona yote yakaniishia. Nikatoa kijiti kimoja kutoka mfukoni, nikakiweka mkononi mwake, nikasema, "Kile kilikuwa changu. Niliokota, nikakichonga upya. Na nilimsingizia Chande."

Bi Rukia aliweka bakuli chini, akaingia ndani na kufunga mlango. Hakuzungumza nami kwa mwaka mmoja na nusu, na hakunikosea.

Mwalimu alikizungusha kile kijiti muda mrefu. Aliongea polepole kwa sababu ya mshono. Alichoniuliza ni kimoja tu. "Chande yuko wapi?"

Nikasema sijui.

"Mie tumbo langu limeshashonwa," akasema. "Hilo hulipunguzii wala kuliongezea kitu. Mtafute yule."

Nilimtafuta wiki mbili. Nilimpata Kawe, anabeba zege kwenye nyumba inayojengwa. Alikuwa na ndoo begani na hakuishusha. Nilimweleza nikitembea nyuma yake, yeye akipanda ngazi za mbao na kushuka, mimi chini nasubiri, akishuka naendelea pale nilipoachia. Safari ya nne ndipo alipotua ndoo. Nilitegemea angenipiga na nilikuwa nimeshakubali.

Akasema, "Mama ameshaamini. Nilimwapia nikashika msahafu, akaniambia nisiape kwa uongo. Sasa yuko Lindi, na kila mtu kule anajua mwanawe alimtoboa mtu utumbo. Wewe unaniambia mimi ya nini? Mie nilikuwa naujua ukweli."

Nikamuuliza anataka nifanye nini.

"Kaseme palepale."

Nilisema palepale. Jumamosi iliyofuata, kabla ya mechi, kibanda kimejaa na watu wako mpaka barabarani, nilimwomba mwenye kibanda azime sauti ya televisheni. Nikapanda juu ya kreti la soda. Watu wa nyuma wakapiga kelele nirudie, hawajasikia, kwa hiyo nilisema mara mbili. Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Chande alikuwa amekuja. Nilimwona nyuma kabisa, karibu na nguzo ya umeme, amevaa kofia. Kabla sijamaliza alikuwa ameondoka. Baadaye nilimpigia mama yake simu Lindi, nikamweleza mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi nimemkosea mwanangu," akakata. Kwa hiyo hata pale nilipotengeneza, niliacha mtu mwingine na donda.

Siku ile hakuna aliyenipiga. Walinunua kwa wengine tu. Jiko langu lilikaa baridi miezi tisa. Nilibeba mizigo sokoni, mama yako akauza vitumbua.

Sasa nafika kwako.

Shuleni mlikuwa mnafundishwa na Mwalimu, na watoto wanasikia. Wiki ile ulirudi siku moja umechaniwa daftari, umeandikiwa neno ambalo sikutaka ulielewe. Tukaamua, mimi ndiye niliyeamua, uende Newala kwa bibi. Nilikuambia kule kuna shule nzuri. Nilikupakia kwenye basi na shangazi yako, umevaa gauni lako la Idi kwa sababu ulidhani ni matembezi. Ulikaa mwaka mzima.

Uliporudi ulikuwa umerefuka na ulikuwa unasema nusu Kimakonde. Ulikuwa unaomba ruhusa kufungua friji. Ulikuwa unaosha vyombo kabla ya kuambiwa, kama mgeni anayeogopa kufukuzwa. Jioni moja ukaniuliza nikiwa nafunga kiatu, "Baba, nilikosa nini?" Nikasema hukukosa kitu, shule ya kule ni nzuri. Nikaendelea kufunga kiatu. Kilikuwa kimeshafungwa.

Nilisimama juu ya kreti mbele ya watu mia nikasema ukweli, halafu nikashindwa kumwambia mtoto wa miaka kumi aliyesimama mbele yangu peke yake. Nimekutazama miaka kumi na mbili ukifanya kila kitu vizuri kupita kiasi. Umefaulu, umekuwa wa kwanza chuoni, ukivunja kikombe unaomba radhi mara tano. Watu wananisifu kwa malezi. Mimi najua ulianzia wapi kuwa hivyo.

Hukukosa kitu. Nilikosa mimi, na nilikutuma wewe mbali ili nisione uso wako unanitazama wakati watu wananitazama. Ile hadithi ya kukulinda na watoto wa shule ni kweli nusu. Nusu nyingine ndiyo hii.

Mengine ni machache. Mwalimu Kitwana alikuja siku moja na fimbo yake, akakaa kwenye benchi pale jiko lilipokuwa, akauliza naanza lini. Nikamwambia sina uso. Akasema yeye hakuja kula uso. Nilikwenda kwa mhunzi, nikamwomba anifulie vyuma bapa, nikaanza upya kwa sahani. Wateja walinicheka, mishkaki bila kijiti ni mishkaki gani. Taratibu nikarudisha na mianzi, mipya, na nikaanza kuvunja. Mtu anayenunua kwangu leo hajui navunja kwa nini, lakini anaona kwamba kijiti alichokulia hakitarudi. Inatosha. Mwalimu mpaka anastaafu na kuhamia kwao Tanga, alikuwa anakuja Jumamosi. Hakuweza tena kula nyama nyingi. Alikuwa akiagiza mshikaki mmoja, na ananiacha niuchome taratibu.

Chande hajarudi Temeke. Ana jiko lake Kawe, nasikia linajaa. Kila Idi nilikuwa namtumia ujumbe wa heri. Mwaka wa kwanza kimya, wa pili kimya. Wa tatu alijibu, "Na kwako." Mpaka leo ni hivyo, maneno mawili kila Idi, hajaongeza na mimi sijaomba aongeze. Ningependa nikuambie kwamba amenisamehe. Sijui. Nimejifunza kuishi na kutojua, na labda hiyo ndiyo sehemu yangu.

Kwa hiyo, huko Dodoma, mkuu wa jiko akikuuliza kuhusu vijiti, mpe yale ya mwanzo wa barua. Hayo ni ya kazi na utayajua vizuri kuliko mimi. Haya mengine sikuandikii ili uyatumie. Najua mtu anakosea kwa njia yake mwenyewe, hawezi kuazima makosa ya baba yake. Ila kwenye jiko kubwa utakuwa na watu chini yako, wasaidizi wa kila aina, na iko siku kitu kitaharibika na atatafutwa mtu wa kutajwa. Utaona jina liko karibu na linafaa. Sitakuambia ufanye nini. Nakuambia tu kwamba ile sekunde naijua, ni fupi sana, na haionekani kama kitu kikubwa wakati unaipita.

Na ukivunja kikombe huko, omba radhi mara moja. Yatosha.

Nilikuwa nimemaliza hapo. Lakini sikutaka kukupa barua hii mama yako hajaiona, kwa hiyo nimempelekea uani. Ameisoma yote amesimama, mkono mmoja una unga. Nilitegemea atasema nimeandika mengi mno, au kwamba nikuache usafiri kwa amani. Amenirudishia karatasi, akasema kuna kosa.

Nikauliza liko wapi.

"Umeniandika kama mtu aliyekuwa mwema," amesema. "Mie nilikiona kile kijiti siku ileile. Nilimwona Chande anakunywa chai yangu, kwenye kikombe changu, na mimi ndiye niliyemtilia sukari. Nikanyamaza siku nane sawa na wewe. Mwandikie."

Nimekuandikia.

Baba yako,
Hamisi